CD4 Bado Ina Kazi

"Nimepata ngapi, daktari?"

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa maabara, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kutoa na kupima damu ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika Kaunti ya Nakuru, kuanzia kliniki za mjini hadi vituo vya afya vya Kuresoi, ambako mvua ikinyesha vizuri hata bodaboda hukataa kupanda. Lakini huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na nimeacha kubishana. Kinachonishughulisha ni hiyo "ngapi". Walioanza dawa zamani wanataka kujua CD4 yao. Vijana wanasubiri herufi tatu tu za kipimo cha virusi, LDL, na wakishazisikia wanarudisha visikizio masikioni na kwenda zao. Kila mmoja anaamini ameulizia afya yake yote. Kumbe hizo ni hesabu mbili zinazotoka kwenye damu moja, kila moja inajibu swali lake, na miaka hii ya karibuni ile ya CD4 imeanza kusahauliwa. Mimi sikubaliani na usahaulifu huo hata kidogo.

CD4 ni protini iliyo kwenye ngozi ya aina fulani ya chembe nyeupe za damu, na kwa mazoea chembe zenyewe tunaziita kwa jina hilo. Washauri wa kliniki hupenda kusema ni askari wa mwili. Mimi naona zinafanana zaidi na mzee wa Nyumba Kumi: hana bunduki wala pingu, ila ndiye anayejua nani mgeni mtaani na ndiye anayepiga simu polisi waje. Virusi vya Ukimwi vinamwendea mzee huyo huyo. Vinajishika kwenye ile protini, vinaingia ndani ya chembe, vinaigeuza kiwanda cha kuzalisha virusi wengine, kisha chembe inakufa. Polisi wangalipo, lakini hakuna wa kuwaita. Hapo ndipo kuvu na vijidudu ambavyo mwili wenye kinga hudhibiti pasipo mwenyewe kujua hupata nafasi ya kumwangusha mtu mzima.

Mtu mzima asiye na virusi huwa na chembe kati ya 500 na 1,500 hivi katika milimita moja ya ujazo ya damu. Asiyetumia dawa hupungukiwa mwaka baada ya mwaka. Zikishuka chini ya 200 tunasema ugonjwa umekomaa, na ndipo tunapoanza kuona nimonia zisizo za kawaida, homa ya utando wa ubongo inayoletwa na kuvu, na kifua kikuu kilichosambaa mwilini, ingawa kifua kikuu chenyewe hakina subira na humpata mtu hata CD4 ikiwa juu.

Kuzihesabu hakuna muujiza. Natoa damu mkononi, kama mililita nne, isiyojaza kijiko cha chai, naiweka kwenye mrija wenye kifuniko cha zambarau. Mrija huo una dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo naugeuza juu chini taratibu mara kadhaa. Ukiutikisa kwa papara chembe zinapasuka. Baadaye damu inachanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa, ambazo hujinasisha kwenye chembe tunazozitafuta. Mashine huzipitisha chembe moja moja mbele ya mwali wa leza na kuhesabu zile zinazong'aa inavyotakiwa. Kwa kuwa tunahesabu chembe nzima, damu hiyo haifai kugandishwa kwenye friza. Inakaa kwenye joto la kawaida la chumba, nayo ipimwe siku hiyo au kesho yake.

Wapo wanaoamini kwamba tunaiuza. Bwana mmoja wa Kaptembwo aliwahi kuniuliza, tena kwa heshima zote, mrija mmoja unaenda kwa bei gani. Nilimjibu kwamba ningekuwa nauza damu nisingekuwa naning'inia kwenye matatu ya Langalanga kila asubuhi. Inayobaki baada ya kupima huteketezwa pamoja na taka nyingine za hospitali.

Kuna jingine linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Siku chache kabla ya kupimwa, watu hula biringanya, bitiruti na managu, wakanywa uji wa wimbi asubuhi na jioni, ili CD4 ipande. Managu ni mboga nzuri, nami nazipenda, lakini chakula hicho hakipandishi CD4 kwa siku tatu. Mara nyingi mtu anachanganya kinga na wekundu wa damu, yaani himoglobini, ambacho ni kipimo kingine kabisa: unaweza kuwa na damu nyingi na kinga duni, au kinga safi na damu kidogo. Isitoshe, CD4 ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Huwa chini asubuhi na hupanda jioni. Mafua huishusha kwa muda. Mjamzito huonekana amepungukiwa kwa sababu maji ya damu yake yameongezeka. Watoto wadogo wana hesabu kubwa kuliko yetu, ndiyo maana kwa walio chini ya miaka mitano tulizoea kutazama asilimia na si idadi. Kwa hiyo aliyetoka 410 akaja 370 asikose usingizi. Tunatazama mwendo wa vipimo kadhaa, na ikiwezekana vya maabara ileile, saa zilezile.

Ili uelewe kwa nini watu wa rika langu wanaishika CD4 kama kitambulisho, lazima ukumbuke ilikuwa na nguvu gani. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kuingia hospitali za serikali, kuanzia 2003 hivi hadi zilipofanywa za bure 2006, hazikutosha wote. CD4 ikawa lango, na mstari wake ulikuwa 200. Mwenye 180 aliingia. Mwenye 214, kama hakuwa tayari hoi kitandani, aliambiwa aendelee na vidonge vya Septrin vya kukinga maambukizi na arudi baada ya miezi kadhaa. Nimeona mama akitokwa na machozi kwa sababu CD4 yake imepanda. Alikuwa na majirani wawili walioanza dawa wakanenepa, naye kinga yake ilikuwa "nzuri mno" kwake kutibiwa. Nilimpa jibu lake kupitia dirisha dogo na sikuwa na la kumwambia.

Mstari huo ulisogezwa hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani liliupandisha hadi 350 mwishoni mwa 2009, kisha 500 mwaka 2013. Mwaka 2015 utafiti mkubwa ulioitwa START, uliohusisha watu 4,685 ambao wote CD4 zao zilizidi 500, ulionyesha kwamba wanaoanza dawa mara moja hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kuugua vibaya au kufa, wakilinganishwa na wanaosubiri. Hoja ikaishia hapo. Kenya iliondoa lango 2016: ukipatikana na virusi, unaanza dawa, uwe na 50 au 950.

Kabla ya hapo wengine walikuwa wamejaribu kuitumia CD4 kinyume, yaani kama ruhusa ya kupumzika. Utafiti wa SMART uliwakusanya watu 5,472 katika nchi 33. Nusu yao waliacha dawa CD4 ikizidi 350 na kuzirudia ikishuka chini ya 250. Ulisimamishwa Januari 2006 kabla ya wakati wake, kwa sababu hatari ya kuugua vibaya au kufa katika kundi hilo ilikuwa zaidi ya maradufu ya lile lililomeza dawa mfululizo. Nawasimulia habari hii wale wanaoniambia, "CD4 yangu iko mia nane, si nikae kidogo bila?" Hapana. Hiyo mia nane inashikiliwa na vidonge.

Lakini pia tusiifanye maabara kuwa mungu. Hapo jirani Uganda, pamoja na Zimbabwe, kulifanywa utafiti ulioitwa DART, uliofuatilia watu 3,316 wanaotumia dawa. Kwa nusu yao, madaktari waliona majibu ya CD4 na vipimo vingine kila baada ya miezi mitatu; nusu ya pili walichunguzwa kwa macho, mikono na maswali tu. Matokeo yalichapishwa 2009: baada ya miaka mitano, waliokuwa hai ni asilimia 90 upande wa maabara na asilimia 87 upande wa pili. Ninakiri kama mtu wa maabara kwamba pengo hilo ni dogo kuliko nilivyotarajia. Funzo lake lilikuwa kubwa kwa vituo vya vijijini: usimnyime mtu dawa kwa sababu huna mashine.

Sasa hesabu ya pili. Kipimo cha wingi wa virusi, ambacho kliniki nzima inakiita vairo lodi, hakihesabu chembe zako bali nakala za virusi wenyewe katika mililita moja ya damu. Kanuni yake ni ileile ya kipimo cha korona tulichopigwa puani: chembe za urithi za kirusi zinazalishwa na kuzalishwa ndani ya mashine hadi zionekane. Mrija ni uleule wa zambarau, ila safari yake ni nyingine. Damu inazungushwa kwenye mashine mpaka chembe zitulie chini na maji yake ya manjano, plazma, yabaki juu. Plazma hiyo ndiyo inayowekwa kwenye baridi na kusafirishwa, maana si kila hospitali ina mashine. Maabara kubwa za kazi hiyo nchini ni chache; moja ni ya mradi wa KEMRI na Walter Reed kule Kericho. Kituo ambacho hakina hata mashine ya kuzungushia kinaweza kudondosha damu kwenye kadi nene yenye miduara mitano, ikakauka, ikawekwa kwenye bahasha na kusafiri bila barafu. Ukiwa Olenguruone wakati wa masika, kadi hiyo ni baraka.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hiki kiwe ndicho kikuu cha kufuatilia matibabu, na sababu yake ni ya haki. Dawa zikishindwa, virusi hupanda kwanza. CD4 huja kushuka miezi mingi baadaye. Kwa mwongozo wa kitaifa wa 2022, mtu hupimwa miezi mitatu baada ya kuanza dawa, kisha mara moja kwa mwaka; watoto, vijana, wajawazito na wanaonyonyesha kila miezi sita. Akipatikana na nakala 200 au zaidi, hukalishwa chini kwa upole, huulizwa anavyomeza dawa na yanayomsumbua nyumbani, halafu hupimwa tena baada ya miezi mitatu. LDL maana yake virusi ni wachache kiasi kwamba mashine haiwaoni, kwa mashine nyingi chini ya nakala 50. Raha ya herufi hizo naielewa. Utafiti wa PARTNER, uliofanywa katika nchi 14 za Ulaya na kutangazwa 2016, ulifuatilia jozi 888 za wapenzi ambao mmoja ana virusi waliozimwa na dawa na mwenzake hana. Walikutana kimwili bila kondomu mara 58,000 hivi, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Nimemwona kijana wa Shabab akiisoma LDL yake mara mbili, akaniuliza kama anaweza kuoa. Anaweza.

Tatizo langu linaanzia hapo. LDL inakwambia dawa inafanya kazi leo. Haikwambii kinga imebaki kiasi gani, wala haikutunzi ukiacha dawa. Virusi huwa wamelala ndani ya chembe fulani mwilini, na ukiacha vidonge hurudi kwenye damu baada ya wiki chache.

Na huku Bonde la Ufa la kati watu hupotea kliniki kwa urahisi mno. Mashamba ya maua ya Naivasha huajiri na kuachisha. Binti anatoka Karagita kurudi kwao Busia bila barua ya uhamisho. Madereva wa malori hulala Salgaa leo, kesho kutwa wako Kampala. Wavunaji wa viazi hufuata msimu hadi Molo na Mau Narok. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoujaza wakimbizi Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru, wengi walikuwa wametoka mbio bila kadi ya kliniki wala chupa ya dawa. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake kwa ghafla, wafanyakazi wengi wa kliniki hizi kote nchini waliambiwa wakae nyumbani, na wagonjwa wakadhani dawa nazo zimekwisha.

Mtu wa namna hiyo anaporudi, swali la siku hiyo si virusi ni wangapi. Tunajua ni wengi, hajameza dawa. Swali ni: yuko karibu kiasi gani na kaburi? Jibu inalo CD4.

Kulikuwa na utingo mmoja wa lori la masafa marefu. Miaka miwili nyuma alikuwa na LDL, na aliitaja kila alipoulizwa. Alipofika kituoni alikuwa amekonda, amefunga kitambaa kichwani kwa maumivu ambayo panado haikuyagusa kwa wiki nzima. Mahali pa kwanza alipopita, ambapo sitapataja, walimtolea damu ya vairo lodi na kumwambia arudi majibu yakifika. Kwetu muuguzi wa zamu, mama asiyependa mchezo, alisema, "Huyu apimwe CD4 sasa hivi." Ilikuwa 42. Kwa hesabu hiyo kinachofuata hakina mjadala: tulipima kwenye damu ileile alama ya kuvu wa kriptokokasi, ikatoka ndiyo, akapelekwa hospitali kubwa kutolewa maji ya uti wa mgongo na kuanzishiwa dawa za mshipa. Alipona. Lile jibu la vairo lodi lilikuja baadaye, lenye tarakimu sita, likatuambia tusichokuwa na haja ya kuambiwa.

Hili si wazo langu la pembeni. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba anayeanza dawa na anayerudi baada ya kupotea apimwe CD4, na akiwa chini ya 200 apewe mfululizo wa huduma: kipimo cha kriptokokasi, kipimo cha mkojo cha kifua kikuu kinachoitwa LAM, Septrin, na kufuatiliwa kwa karibu. Watoto walio chini ya miaka mitano wanaoanza dawa huhesabiwa moja kwa moja kuwa na ugonjwa uliokomaa. Alama ya kuvu wa kriptokokasi huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya dalili za ubongoni kuanza, na mtu akikamatwa mapema anapewa vidonge vya flukonazoli anaenda zake nyumbani.

Ila fedha zilipohamia vairo lodi, mashine za CD4 zikabaki mayatima. Nimeingia katika maabara zaidi ya moja nikaikuta imefunikwa kitambaa, vitendanishi vyake vimekwisha na hakuna anayekumbuka vilivyoagizwa mara ya mwisho. Cha kuudhi ni kwamba siku hizi huhitaji hata mashine kubwa. Kuna kifaa kidogo cha Pima kinachotumia tone la damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika 20 hivi. Kuna pia kipimo cha VISITECT, kijiti kama cha kupimia mimba, kisichohitaji umeme: kwa dakika 40 kinakuonyesha kama uko juu ya 200 au chini. Kwa zahanati ya Kuresoi hilo latosha kuamua nani apande gari la wagonjwa leo. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na boksi la vipimo hivyo ni jambo la bajeti ya kaunti, si la kungoja mfadhili.

Nisiondoke bila kumtaja shosho mmoja wa Njoro, ili nisije nikawarudisha watu kwenye ule ugonjwa wa kuabudu tarakimu. Alianza dawa akiwa na CD4 ya 31. Sasa ni LDL mwaka baada ya mwaka, lakini CD4 imekwama kwenye 280 na kitu, na imemkosesha raha. Alinunua dawa za mitishamba za chupa, ghali. Nilimwambia, "Shosho, ulianzia chini sana, na umri nao umeenda. Wengine hubaki hapo hapo. Virusi wamezimwa, huugui, hizo hela nunua maziwa." Mtu kama yeye, ambaye ametulia kwenye dawa na virusi wamezimwa, hana haja ya kupimwa CD4 kila mara.

Wewe unayesoma, ukiitwa kwenye dirisha letu, kunywa chai yako na umeze dawa zako kama kawaida. Vipimo hivi viwili havidai kufunga. Andika majibu na tarehe kwenye daftari lako mwenyewe, maana faili hupotea na simu huibwa. Ukirudi baada ya kukaa miezi mitatu au zaidi bila dawa, hakuna wa kukufokea, na akikufokea mwache afoke; uliza CD4 siku hiyohiyo, hasa ukiwa na kichwa kinachouma, kikohozi au umepungua uzito. Ukiambiwa mashine imeharibika, uliza iliyo nzima iko hospitali gani na nani anapeleka sampuli. Mrija wa zambarau unaweza kusubiri hadi kesho.